Mkwe Aliyenifundisha Kuogelea Akiwa Amenipa Mgongo

Kwetu Sori, ufuoni mwa ziwa, mama na mume wa binti yake hawazoeani ovyo. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta jambo la kuangalia pembeni, hata kama ni mbuzi wa mtu. Nimelelewa hivyo na silalamiki, maana heshima hiyo imeniepusha na maneno mengi. Lakini nilipofika miaka hamsini na miwili niliamua kujifunza kuogelea kwa kasi, na mtu pekee niliyemjua mwenye ujuzi huo alikuwa mume wa binti yangu. Hapo ndipo kichekesho kilipoanzia, ingawa kwa muda mrefu mimi sikukiona.

Nianze na sababu. Mimi huuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nanunua kutoka mashuani, naanika, nauza kwa gunia, na mara nyingine navuka maji kwenda kununua visiwani bei ikiwa nzuri. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoeleza, mashua ilipinduka karibu na ufuo wetu ikiwa na wachuuzi. Mwenzangu mmoja, ambaye tunaanika naye turubai kwa turubai, alinyooshewa mkono na mwokoaji akaukataa. Mwokoaji alikuwa mkwe wake. Mama wa watu akakumbatia mtungi wa plastiki, akaelea nao akimeza maji, hadi akafika mwanamume mwingine asiyemhusu. Alipona, tukamcheka mwezi mzima, na yeye ndiye aliyecheka kuliko sote. Lakini nikibaki peke yangu nilikuwa sicheki. Waokoaji wote walikuwa wanaume wa hapa hapa, na katika ufuo mdogo kama wetu kila mwanamume ni mkwe wa mtu.

Kwa hiyo mradi wa uokoaji ulipotangaza kwamba mashua yake ya Sori ina nafasi moja ya mwokoaji mwanamke, niliinua mkono kabla sijafikiri. Masharti yalikuwa mafupi. Mita mia mbili, ndani ya dakika sita, bila kifaa chochote mwilini, kwenye bwawa la hoteli moja mjini Homa Bay. Asipopatikana mwanamke wa kufaulu, nafasi anapewa mwanamume anayefuata kwenye orodha. Wanawake wengine walioinua mkono waliushusha waliposikia habari ya dakika. Nikabaki mimi, na miezi mitatu na nusu mkononi.

Kuogelea nilijua kiasi. Nilijifunza utotoni nilipokuwa nikitumwa kuteka maji, kichwa juu kama bata, mikono ikikoroga. Ningeweza kufika popote mradi hakuna anayenisubiri.

Mkwe wangu ni mwalimu wa michezo katika shule moja upande wa Rodi Kopany, na wakati wa likizo hufundisha watoto wa wageni kuogelea huko Homa Bay. Ni kijana mrefu, mpole, mwenye aibu ambayo hata mimi mama mkwe niliiona imezidi kipimo. Binti yangu alipompelekea ombi langu, nasikia aliikoroga chai hadi ikapoa. Kisha akasema, "Nitafundisha. Lakini siangalii."

Na kweli hakuangalia. Jumapili ya kwanza (Jumamosi ni Sabato yangu, siigusi) alifika na begi kubwa la vifaa, akaliacha kwa mke wake, akaenda kukaa juu ya mashua iliyofunikwa mchangani, uso ameuelekeza kwenye maduka na mgongo ziwani. Binti yangu akaweka kiti cha plastiki katikati yetu, mfuko wa njugu mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa macho ya mwalimu na mdomo wa mwalimu. Wavuvi walitufungia mashua mbili majini, wakapima umbali wa mita hamsini kati yake kwa kamba, na kila nikienda na kurudi mara mbili nilikuwa nimemaliza mita mia mbili.

"Mwambie mama aweke uso ndani ya maji," mkwe aliyaambia maduka.

"Mama! Anasema uweke uso ndani!"

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi."

"Anasema amesikia!"

Ufuo mzima ulikuwa umesikia. Waanikaji wenzangu waliacha omena zao wakaja kukaa mchangani, na kuanzia siku hiyo Jumapili ikawa siku ya sinema.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi sikuyavulia nguo. Niliyaingia nimevaa dera pana, petikoti ndani yake, na leso nimeifunga kiunoni kwa usalama zaidi. Mwalimu alikuwa amenipa mgongo, ndiyo, lakini mtu akikohoa anaweza kugeuka. Siku hiyo ya kwanza, bila kifaa chochote, nilitumia dakika tisa na sekunde ishirini. Nilitoka majini nikivuta dera kama mtu anayeburuta wavu wenye samaki, na samaki wenyewe hawakuwamo.

Ndipo begi likafunguliwa. Kulikuwa na miwani ya maji, ubao mwepesi wa kushikilia mbele, vibao vya plastiki vya kufunga viganjani, boya dogo lenye umbo la namba nane, na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Mkwe alieleza kifaa kimoja kimoja kupitia kwa mke wake. Alieleza miwani vizuri sana. Vibao vya mikononi alivieleza hata nikavielewa kabla ya kuvivaa: vinaupanua mkono, unashika maji mengi, bega linafanya kazi ya mabega mawili, na siku ukivivua bega linabaki na nguvu zake. Alipofika kwenye boya alisita.

"Hiyo boya... inawekwa... hapo."

"Hapo wapi?" binti yangu aliuliza.

"Hapo tu. Wacha, tutaitumia siku ingine."

Boya likarudi begini. Na mapezi? "Mwambie avae zile za chini," akasema, basi.

Yawa, yale mapezi! Sijawahi kupenda kitu cha mpira kiasi kile. Nilipiga teke la kwanza na ziwa likanipisha. Mashua ya pili, ambayo mara ya kwanza niliifikia nikiwa nimekwisha kabisa, sasa ilikuwa inanijia yenyewe. Nilijihisi nina miaka kumi na minane na sina deni la mtu. Wenzangu mchangani walipiga vigelegele, na mmoja akaniita kambale. Mkwe alitazama saa yake akiwa bado amenipa mgongo, akasema namba, binti akairudia kwa kelele: dakika saba na nusu. Jumapili iliyofuata, saba. Baada ya mwezi, sita na robo.

Mikono yangu ilikuwa inabadilika kweli. Mkwe alijua kazi yake. Kiwiko juu, kidole cha kati kitangulie, vuta hadi usawa wa nyonga... hapana, hilo la nyonga hakulisema. Alisema "hadi mwisho". Kila neno alilonifundisha lilikuwa la kuanzia kichwani hadi tumboni, na tumboni penyewe alipataja mara moja tu, akijikwaa. Kuanzia hapo kwenda chini, mwili wa mama mkwe wake haukuwepo. Nilikuwa nusu mtu, na ile nusu ilifundishwa vizuri.

Nami sikuwa na haraka ya kuikamilisha nyingine. Katika mwezi wa pili alituma ujumbe kwamba labda siku moja nijaribu bila zile za chini, tuone. Nilikuwa nimetoka tu kuogelea dakika tano na sekunde hamsini, na kichwa kimevimba kama andazi.

"Mwambie mguu wangu ni wangu," nikajibu kwa sauti, "na kiatu chake ni chake!"

Neno mguu lilimmaliza. Niliona mabega yake yakishuka kule juu ya mashua. Hakuligusa tena suala hilo kwa wiki tano. Naliandika hili bila kujitetea, kwa sababu ndilo lililotaka kuniponza. Hasira yangu ni ya haraka na ulimi wangu hauna mlango.

Zikabaki wiki tatu. Muda wangu wa mapezi ulikuwa dakika tano na sekunde kumi na tano. Wanawake wa ufuo walikuwa wameanza kuniita mwokoaji, na mmoja alishaahidi kwamba akizama atazama siku yangu ya zamu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mkwe akaja kukaa Sori; alilala kwa mwalimu mwenzake, maana mkwe halali kwa mama mkwe. Akatuma ujumbe kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi ya kuutoa: leo bila kitu. Mtihani hauna kitu.

Nilivua vibao. Nilivua mapezi. Nikaogelea kwa nguvu zangu zote. Mikono ilivuta, lakini baada ya vibao kuondoka nilijihisi kama mtu anayechota uji kwa uma. Huko nyuma yangu kulikuwa na kitu kizito kinazama, na kitu hicho kilikuwa mimi. Nilipogusa mashua mara ya mwisho, binti yangu alimgeukia mumewe, wakanong'onezana.

"Ngapi?" nikauliza.

"Mama, saa labda imeharibika."

"Ngapi!"

"Nane na sekunde kumi."

Nilikaa majini hadi shingoni nikalia. Sioni haya kusema. Miezi karibu mitatu, mabega yanauma hadi siwezi kufunga gunia, nimemeza maji ya ziwa ya kunitosha maisha yote na dawa ya kichocho juu yake, halafu kumbe kasi ile yote ilikuwa ya mpira. Ningepeleka miguu yangu Homa Bay na nafasi ingeenda kwa yule kijana aliyefuata kwenye orodha, mkwe wa nusu ya wanawake wa soko. Wenzangu waliinuka mmoja mmoja wakarudi kwa omena zao kwa adabu. Siku hiyo sinema haikuwa na mwisho mzuri.

Jioni nilikwenda kwa wifi yangu mkubwa, dada ya marehemu mume wangu. Ni bibi wa miaka karibu themanini, ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya ukoo, na hajawahi kuninyima uji wala ukweli. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Hiyo miguu, mwalimu ameiona?"

"Ataionaje, dada? Ni mkwe wangu."

"Mficha uchi hazai," akasema.

Kisha akamwita mkwe. Sikuruhusiwa kuwepo, lakini binti yangu alikuwepo na alinisimulia akiwa ameshika mbavu. Bibi alimkalisha chini akamuuliza, "Wewe ni mwalimu ama ni mkwe?"

"Ni yote mbili, mama."

"Haiwezekani kwa wakati moja. Ukiwa kwa maji, wewe ni mwalimu. Ukitoka kwa maji, rudi ukuwe mkwe. Na uniletee jogoo, aibu ikule hiyo jogoo iende."

Mkwe alileta majogoo wawili. Nadhani alipima aibu yake akaona mmoja hatamtosha. Wifi akawala kwa raha zake, na jambo likawa limekwisha.

Asubuhi iliyofuata nilisimama majini nimevaa dera langu, yeye amekaa palepale juu ya mashua, mgongo kama kawaida. Waanikaji walikuwa wamerudi wote. Habari za majogoo zilikuwa zimefika kwao kabla ya harufu ya mchuzi.

"Mwalimu," nikaita. Sikumwita mwanangu wala mkwe. "Geuka."

Aligeuka polepole sana, kama mtu anayegeuza trekta kwenye uchochoro. Akaniangalia. Mbingu haikuanguka. Binti yangu alitafuna njugu.

Kwanza alinipa ule ubao wa kushikilia, bila mapezi. Nishike ubao mbele, nipige mateke tu, mikono isifanye kazi. Nikajisukuma kutoka kwenye mashua, nikapiga mateke kwa hasira niliyolala nayo. Nilipiga, nikapiga, maji yakaruka, nikahesabu hadi hamsini, na nikiwa nasubiri kuona mashua ya pili, visigino vyangu vikagonga kitu. Ilikuwa mashua niliyotoka. Nilikuwa nimerudi nyuma.

Kicheko kilichotoka ufuoni siku hiyo kilisikika sokoni. Hata mimi nilicheka hadi nikaachia ubao. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mkwe wangu; alicheka ameinama, mikono magotini, na nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake yote tangu amwoe binti yangu.

"Mama," akasema akifuta macho, sasa akiongea na mimi moja kwa moja, "unaendesha baiskeli."

"Sina baiskeli."

"Hiyo mguu. Unakunja goti sana, unasukuma maji mbele, inakurudisha nyuma. Mapezi ilikuwa inaficha. Mtu akivaa mapezi hata teke mbaya inaenda. Inakupea mwendo yenye si yako." Akaangalia mawingu. "Teke inatoka kwa nyonga. Paja ndio inaanza. Goti inafuata tu, na kifundo cha mguu unalegeza."

Nyonga, paja, goti, yote kwa pumzi moja, akiyaambia mawingu. Mwenzangu wa turubai akapiga kigelegele kama mtu aliyesikia mtoto akisema neno lake la kwanza.

Siku hiyo hiyo boya lilitoka begini, na nikajua hatimaye kwamba linabanwa kati ya mapaja. Likikaa pale linainua miguu iliyozama, mwili unalala sawasawa juu ya maji. Nililibana nikaogelea kwa mikono peke yake, na ndipo nikaelewa kwa mwili wangu kile ambacho maneno yalishindwa kunieleza: mahali miguu yangu ilipopaswa kuwa. Kisha alilitoa na kuniambia nikae hapohapo bila boya. Nilizama, nikarudi, nikazama, nikarudi. Kila kifaa, alisema, kinasema kitu kimoja. Ukishakisikia, unakiweka chini. Mimi nilikuwa nimekataa kuyaweka mapezi chini kwa sababu yalikuwa yananisifu.

Nilidhani jambo la pili litakuwa kuvua dera. Alikuwa amenunua kwenye mitumba ya Homa Bay suruali ya kubana ya magotini na fulana ya mikono mirefu, nguo za heshima kabisa, akazileta zimekunjwa ndani ya gazeti na kumpa mke wake anikabidhi. Lakini akaniomba nisizivae bado.

"Dera ni breki," akasema. "Inashika maji. Baki na hiyo breki wiki mbili. Petikoti pia. Hiyo ndio jimu yako."

Wiki mbili nikalivuta dera lile nikipiga teke jipya. Nilifanya mazoezi ya miguu hadi nje ya maji. Nilikaa pembeni ya kitanda nikipiga hewa. Nilikaa kwenye kibanda changu nikipiga hewa chini ya meza, mteja akauliza kama nina siafu. Muda ulishuka kwa unyonge: saba na nusu, saba, sita na sekunde hamsini. Wiki ya tatu nikavaa zile nguo za kubana, nikaingia majini nikijihisi nimesahau kitu nyumbani. Sita na sekunde tano. Siku ya mwisho kabla ya safari, sita kamili, na binti yangu akasema labda alichelewa kutaja kuwa nimegusa, au labda aliwahi. Hakuna aliyejua. Nilikwenda Homa Bay nikiwa nimesimama juu ya ukingo wa dakika.

Bwawa lile lilikuwa la buluu na angavu, na lilinuka dawa. Tulikuwa wanawake watatu kutoka fuo tatu, kila mmoja akigombea nafasi ya mashua ya kwao. Msimamizi, mama mwenye filimbi na kofia pana, alitukagua kama hatujaficha kitu. Nilipoona bwawa ni la mita ishirini na tano, nikahesabu kuta nitakazozigusa, nikainua mkono.

"Mama msimamizi, ukuta unaruhusiwa?"

"Kivipi?"

"Kujisukuma nao. Au ni kifaa?"

Alicheka hadi filimbi ikalia yenyewe. Akasema ukuta ni wa wote.

Nikaruka. Sikuwa nimewahi kuogelea mahali ambapo unaona chini. Ziwa letu lina rangi yake, na ukishaweka uso ndani uko peke yako na kijani kibichi. Pale niliona vigae, nikaona mikono yangu ikivuta, na nilipogeuka ukutani nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona miezi yote ile: miguu yangu ikifanya kazi. Ilikuwa imenyooka. Ilikuwa inatoka kwenye nyonga. Nilifurahi kiasi kwamba nilipitwa na pumzi moja nikanywa dawa ya bwawa.

Mita mia, mikono ilikuwa bado yangu. Mita mia na hamsini, mabega yakaanza kudai. Miguu nayo ikaanza kukumbuka baiskeli yake ya zamani; niliisikia ikijikunja, nyuma yangu ikiwa nzito tena, na nikajua ninapoteza sekunde ambazo sina. Hapo nikasikia sauti. Kule kwenye viti alikokuwa na mke wake, mkwe wangu alikuwa ameanza mtihani akiwa amegeukia ukuta wa hoteli, kwa mazoea tu. Binti yangu anasema alijigeuza mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Alisimama juu ya kiti mbele ya wageni wa hoteli, wasimamizi, na mhudumu mwenye sinia, akapaza sauti:

"Miguu, mama! Miguu! Nyonga, mama! Nyongaaa!"

Nikacheka ndani ya maji, jambo ambalo simshauri mtu, na miguu ikanyooka. Nikaupiga ukuta wa mwisho kwa kiganja chote. Msimamizi akaangalia saa yake, akaangalia ya mwenzake, akaandika. Dakika tano na sekunde arobaini na nane.

Sikuweza kutoka majini kwa muda. Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa bwawa, amenikumbatia kichwa, nguo zake zimelowa zote, anapiga mayowe ya furaha kwa Kijaluo ambayo wageni wa hoteli lazima waliyadhania kilio. Mkwe alikuwa ameshuka kwenye kiti na kuangalia viatu vyake. Mtihani ulikuwa umekwisha, na alikuwa ameshaanza kurudi kuwa mkwe.

Wiki iliyofuata nilipewa vitu vyangu vya kazi: koti la kuelea la rangi ya machungwa, filimbi, na mapezi mapya ya mpira mweusi. Mwokoaji akiwa kazini anaruhusiwa, anatakiwa hasa. Nilipoyavaa mara ya kwanza na mguu huu mpya, mashua ilibidi initafute mbele.

Mwezi wangu wa pili kazini, mashua ya wachuuzi iliyokuwa ikirudi kutoka visiwani ilijaa maji mbele ya ufuo wetu, mchana wa soko, watu wote wakitazama. Tulifika upesi. Vijana waliwabeba wengine mmoja mmoja na hakuna aliyeumia. Akabaki mama mmoja wa rika langu, mbali kidogo na wenzake, anapiga maji kwa mkono mmoja tu na kichwa kinakwenda chini na kurudi. Kijana wetu alimsogelea, naye akamkwepa. Nikaruka mimi.

Nilidhani mkono wake wa pili umenaswa na wavu. Nilipomfikia nikaona hakuna wavu. Gauni lake lilikuwa linapanda na maji, naye alikuwa ameling'ang'ania chini kwa mkono huo, analivuta magotini, na kila alipolivuta alizama.

"Achia nguo, mama!" nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Akatema maji. "Wakwe zangu wako pale," akasema, akielekeza macho ufuoni.

Sikubishana naye. "Basi wewe nishike mimi," nikasema. "Nguo nitakushikia."

Aliniangalia usoni kidogo, kisha akaiachia, akanikamata kwa mikono yote miwili. Nikampitishia mkono mmoja mgongoni, na kwa mwingine nikashika pindo la gauni lake nikalibana chini magotini. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi, kwa hiyo nilipiga mateke tu hadi mashuani.